Kusomesha mtoto nyumbani: mlango ambao Waziri hajaufungua

Tangu serikali ya Kenya ilipoanza mwaka wa 2018 kusaka kila mtoto aliyemaliza shule ya msingi ili ajiunge na sekondari, machifu na manaibu wao wamezoea kupita nyumba hadi nyumba na swali moja: huyu mtoto anasoma shule gani? Wazazi wengi hulijibu kwa kutaja shule. Wengine hulijibu kwa kilio cha karo. Lakini wapo wazazi ambao mtoto wao hajakosa karo wala hajatoroka darasa. Anasoma kila siku, mezani kwao, na mwalimu wake ni mama au baba. Chifu akibisha, hawa hubabaika, kwa sababu hawana hakika kama wanatumia haki yao au wanatenda kosa la jinai.

Wenyewe kwa wenyewe huambiana mambo yanayokinzana. Kuna wanaoshikilia kwamba sheria haijakataza, na kisichokatazwa kimeruhusiwa. Kuna wanaoapa kwamba ni marufuku kabisa na ukipatikana utalala seli. Kila upande umesoma nusu ya sheria, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu mtoto zaidi.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bila malipo na ya lazima. Hapo mwenye haki ni mtoto. Katiba haikumtaja mzazi kuwa mwenye haki hiyo, haikuitaja shule, wala haikusema elimu itolewe chini ya paa gani. Kifungu hicho hicho kinaendelea kusema kwamba katika kila jambo linalomgusa mtoto, maslahi yake ndiyo yatakayotangulia. Ukiishia hapo, mzazi anayefundisha vizuri nyumbani hana kosa lolote.

Ila huwezi kuishia hapo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya 1968, imeingia ndani zaidi. Kifungu chake cha 30 kinamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria masomo, kama mwanafunzi, katika shule au katika taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri kwa ajili ya kumkuza mtoto kimwili, kiakili na kijamii. Mzazi akikaidi, amekosa. Adhabu ni faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na elimu ya msingi katika sheria hiyo si darasa la kwanza hadi la mwisho la shule ya msingi tu, bali ni kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari.

Kifungu cha 76 kinaongeza kikwazo cha pili: hakuna mtu anayeruhusiwa kutoa elimu ya msingi nchini Kenya bila kuidhinishwa na kusajiliwa. Wazazi wanaofundisha nyumbani hukisahau hiki, na ndicho kinachowanasa kwa wepesi zaidi. Mama akimfundisha mwanawe, anaweza kujitetea kwamba analea. Akiwakaribisha watoto wa jirani wawili watatu na kupokea kitu kidogo kutoka kwa wazazi wao, ameshafungua shule isiyosajiliwa, hata kama darasa lenyewe ni varanda.

Rudi kwenye kifungu cha 30, kwenye yale maneno ya taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri. Bunge lenyewe liliacha nafasi hapo. Halikusema shule na basi. Lilimpa Waziri wa Elimu uwezo wa kutambua mahali pengine pa kusomea, na kwingine katika sheria hiyo likampa mamlaka ya kutunga kanuni. Kwa hiyo wanaosema elimu ya nyumbani imepigwa marufuku wamekosea, na wanaosema imeruhusiwa wamekosea vilevile. Mlango upo. Waziri ndiye hajaufungua, na hadi leo hakuna fomu, ofisi wala utaratibu ambao mzazi wa kawaida anaweza kuufuata ili aandikishe nyumba yake kuwa mahali halali pa mtoto wake kusomea.

Linalonikera ni kwamba serikali hii hii imeshafungua milango mingine kama huo, na anga haikuanguka. Kwa wafugaji wa kuhamahama sheria iliunda Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji, na Kaskazini mwa nchi kuna shule za kuhamahama ambako mwalimu hufuata familia na mifugo yao badala ya kuwasubiri watoto chini ya bendera. Kwa Waislamu wa Pwani na Kaskazini Mashariki, sheria ilitaja madrasa na duksi na kuagiza ziunganishwe na mfumo rasmi. Kwa watoto wenye ulemavu mkubwa, sera ya wizara ya mwaka wa 2018 inakubali kwamba mtoto anaweza kufundishwa nyumbani au hospitalini. Mtoto wa mfugaji, mtoto wa madrasa na mtoto asiyeweza kutoka kitandani, wote wamefikiriwa. Huyu wa mezani kwa mama yake ndiye aliyesahaulika.

Tena tusisahau mwaka wa 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo serikali yenyewe iliwaambia wazazi wawafundishe watoto nyumbani, huku vipindi vya masomo vikirushwa redioni na runingani. Familia nyingi zilichoka na kuomba shule zifunguliwe hata kesho. Nyingine ziligundua kwamba mtoto aliyekuwa akirudi na machozi kila jioni ametulia na anasoma. Baadhi ya hizo hazikumrudisha.

Wazazi wa namna hii wana hoja nzito ya kisheria. Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinasema mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1972, unaheshimu uhuru wa mzazi kumchagulia mtoto wake shule isiyo ya serikali na kumlea kwa imani yake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unasema hivyo hivyo. Lakini mikataba yote miwili imeweka sharti: chaguo la mzazi lifikie viwango vya chini vilivyowekwa na dola. Anayetaja uhuru akaruka viwango hajausoma mkataba hadi mwisho. Na dola isiyoweka viwango vyovyote nayo imemwacha mzazi gizani. Wapo waliokamatwa, na wapo waliokwenda Mahakama Kuu kukihoji kifungu cha 30. Kesi za aina hiyo huchukua miaka, na mtoto hasubiri hukumu ndipo akue.

Sasa niseme upande wa pili, na nausema nikiwa mwandishi wa Pwani. Mwaka wa 2023, msitu wa Shakahola katika Kaunti ya Kilifi ulifukuliwa na kutolewa miili zaidi ya 400, watoto wengi wakiwemo. Mhubiri anayehusishwa na vifo hivyo alikuwa akihubiri kwamba shule ni kazi ya shetani. Alikuwa ameshawahi kukamatwa Malindi mwaka wa 2017 kuhusiana na watoto waliokuwa wametolewa madarasani. Watoto wa Shakahola walikuwa wamekwishatoweka kwenye macho ya walimu, na mtoto akishatoweka kwa mwalimu, mara nyingi hakuna mwingine wa kuuliza yuko wapi. Mwalimu wa darasa ndiye anayeona alama ya fimbo mgongoni. Ndiye anayeshtuka msichana wa miaka 13 akikosa wiki mbili, akauliza, akaambiwa ameolewa. Katika nchi ambayo bado kuna wasichana wanaobakizwa nyumbani kulea wadogo zao, na watoto wenye ulemavu wanaofichwa chumba cha nyuma, serikali ina haki ya kutilia shaka kila nyumba inayosema mtoto wetu anasomea hapa.

Wazazi wengi wanaofundisha nyumbani hawapendi kulisikia hili. Wanaona wanawekwa kapu moja na wahalifu. Naelewa uchungu wao, lakini nadhani wanakosea wanapodai waachwe tu. Chifu hawezi kujua kilicho nyuma ya mlango kwa kuutazama mlango.

Nilikaribishwa katika nyumba moja ya Mtwapa ambako mama mmoja, aliyewahi kuwa karani wa benki, anawafundisha wanawe wawili. Mkubwa ana kigugumizi. Shuleni alikuwa akichekwa hadi akaacha kabisa kuongea darasani, na mwalimu mwenye wanafunzi 70 hakuwa na muda wa kumngoja amalize sentensi. Nyumbani anasoma kwa sauti, mama akihesabu vidole taratibu chini ya meza ili asimharakishe. Siku niliyokwenda walikuwa wakipima unga kwa mizani ya dukani: gramu 250, nusu kilo, robo tatu. Mdogo alikuwa akiandika matokeo kwenye daftari ya mraba, akafuta, akaandika upya, mama akimkumbusha aandike kipimo na si namba peke yake. Kwenye rafu kuna faili la kila muhula, lenye kazi zote, tarehe juu na masahihisho kwa kalamu nyekundu. Ni faili safi kuliko nyingi nilizoziona shuleni.

Lakini watoto hao hawaruhusiwi kutoka nje hadi saa tisa na nusu alasiri. Ukiisha unga wa chapati, mama anakwenda dukani mwenyewe. Anaogopa jirani atauliza mbona hawa wako nyumbani siku ya shule, na jirani wa pili atamwambia mzee wa Nyumba Kumi, na mzee atamwambia naibu wa chifu. Watoto wenye afya, wenye bidii, wanafichwa mchana kutwa kana kwamba wameiba. Sheria iliyotungwa ili mtoto aonekane inamfanya mama mwema amfiche mwanawe. Hilo ndilo linalonishughulisha kuliko mjadala wote wa haki ya nani iko juu ya nani.

Na hata chifu asipobisha, mitihani itabisha. Katika mfumo wa zamani, mtoto aliyesomea popote angeweza kusajiliwa kama mtahiniwa wa kibinafsi, akakalia KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na matokeo yake yakawa sawa na ya mwingine. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Katika mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya mfumo huo, alama za mtoto hazitokani na mtihani mmoja wa mwisho. Kuna tathmini za shuleni kuanzia Gredi ya 4, ambazo mwalimu huzisimamia na kuziingiza kwenye mtandao wa Baraza la Mitihani, KNEC. Gredi ya 6 kuna mtihani wa KPSEA. Na mtoto akifika Gredi ya 9 na kukalia KJSEA, mtihani wenyewe huhesabiwa asilimia 60 tu. Asilimia 20 hutoka KPSEA na 20 nyingine hutoka tathmini za Gredi ya 7 na ya 8. Mtoto asiye na shule hana wa kumwingizia alama hizo. Anaweza kujua hesabu kuliko darasa zima na bado akaanza safari ya sekondari ya juu akiwa na pengo ambalo hakulisababisha.

Ndiyo maana familia zenye uwezo hukimbilia mitaala ya kigeni, hasa ile ya Cambridge, ambako mtoto hulipia mtihani na kuukalia katika kituo kilichoidhinishwa. Hiyo ni njia, ila si njia ya mama wa Mtwapa, kwa sababu ada ya masomo matano au sita ni kubwa kuliko karo aliyokuwa akilipa. Na kuna jambo wauzaji wa shule za mtandaoni hawalisemi wazi: shule kusajiliwa ng'ambo hakuifanyi iwe imeidhinishwa na Waziri wa Kenya. Kifungu cha 30 bado kinamwangalia mzazi.

Tukitaka kuona sheria inavyoweza kuwa kali, tuiangalie Ujerumani. Huko mtoto lazima aende shule, na elimu ya nyumbani haikubaliki ila kwa sababu chache mno, kama ugonjwa. Asubuhi ya tarehe 29 Agosti 2013, karibu na mji wa Darmstadt, maafisa wa ustawi wa watoto wakiandamana na polisi waliingia katika nyumba ya familia ya Wunderlich na kuwachukua watoto wanne waliokuwa wakifundishwa na wazazi wao. Walirudishwa baada ya wiki tatu, wazazi walipokubali waende shule. Familia ilifika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg, na tarehe 10 Januari 2019 mahakama ikaamua kwamba Ujerumani haikukiuka haki zao. Miaka kadhaa kabla, mwaka wa 2006, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeikataa kesi ya familia ya Konrad, ikikubali hoja ya Ujerumani kwamba shule humfunza mtoto kuishi na watu wasiofanana naye na kuzuia jamii kugawanyika vikundi vikundi. Ni hoja ya maana. Ila kumtoa mtoto mikononi mwa mama yake ili akajifunze kuishi na watu, kwangu mimi, ni dawa inayoumiza kuliko ugonjwa.

Uingereza iko upande mwingine kabisa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinamtaka mzazi ampatie mtoto elimu ya kutwa inayofaa umri wake, uwezo wake na mahitaji yake maalumu, ama shuleni ama kwa njia nyingine. Halmashauri ikiona mtoto hapati elimu hiyo, inamtaka mzazi aithibitishe, na asipoweza inatoa amri mtoto apelekwe shule. Tanzania nayo imebana: Sheria ya Elimu ya 1978 inalazimisha mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie hadi amalize. Mtihani wa maarifa na mpango wa watahiniwa wa kujitegemea wa Baraza la Mitihani la huko vipo kwa ajili ya waliokosa sekondari, havikuwekwa kwa mzazi anayetaka kufundisha tangu mwanzo.

Mfano unaotufaa uko Afrika Kusini. Huko elimu ya nyumbani ilitambuliwa tangu Sheria ya Shule ya 1996, na kifungu chake cha 51 kikaandikwa upya katika sheria ya marekebisho iliyotiwa saini na Rais Cyril Ramaphosa tarehe 13 Septemba 2024. Mzazi anatuma ombi kwa mkuu wa idara ya elimu ya mkoa. Mkuu huyo anapaswa kuridhika kwamba kusomea nyumbani ni kwa faida ya mtoto, kwamba mzazi anaelewa mzigo anaoubeba, na kwamba mpango wa masomo unalingana na umri na uwezo wa mtoto na haupungui viwango vya mtaala wa taifa. Mzazi anaweka kumbukumbu za kazi za mtoto, na kwa gharama yake analeta mtathmini mwenye sifa ampime. Maafisa wanaweza kuzungumza na mzazi na mtoto kabla ya usajili. Anayemzuia mtoto kusoma bila sababu ya haki anaweza kufungwa hadi miezi 12. Wazazi wengi huko waliipinga sheria hiyo kwa nguvu, wakisema serikali inajiingiza sebuleni. Mimi naona wamepata kitu ambacho mwenzao wa Kenya angekipokea kwa mikono miwili: ofisi ya kupelekea ombi na karatasi ya kumwonyesha chifu.

Mpaka karatasi hiyo ipatikane hapa, mzazi anayefundisha nyumbani afanye nini? Kwanza ajue kwamba yuko kwenye hatari ya kisheria, na asidanganywe na yeyote. Kinga iliyo karibu zaidi ni kumsajili mtoto katika shule iliyosajiliwa ambayo mwalimu mkuu wake yuko tayari kumtambua kama mwanafunzi, kumfanyia tathmini za KNEC na kukubaliana na mzazi kuhusu siku za kuhudhuria. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari, kwa kuwa bila hicho usajili hukwama. Amwandikie mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, aeleze nani anafundisha, anafundisha nini na kwa nini, na abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Barua hiyo si kibali, lakini mtu anayeficha mtoto haandiki barua serikalini. Aweke kazi zote za mtoto zikiwa na tarehe. Asipokee mtoto wa mtu mwingine kwa malipo. Kama mtoto ana shida ya kujifunza, ampeleke kwenye kituo cha serikali cha tathmini ya elimu, kwa sababu ripoti ya kituo hicho ina uzito kuliko maelezo ya mzazi.

Lakini mzigo huu si wa mzazi peke yake. Waziri hahitaji kulisubiri Bunge lipitishe sheria mpya. Anaweza kuandika kanuni zinazotaja nyumba kuwa mahali panapoweza kuidhinishwa, kwa masharti: usajili kwa jina la kila mtoto katika ofisi ya kaunti ndogo, shule jirani ya kumfanyia tathmini, afisa wa elimu kuitembelea familia angalau mara moja kila muhula, na kibali kufutwa pale mtoto asipoendelea. Mtoto mwenyewe aulizwe, mzazi akiwa nje ya chumba, kama anataka kusomea nyumbani. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa haki ya kutoa maoni yake, na mtoto wa miaka 10 anajua kama anafunzwa au anatumikishwa.

Kanuni za namna hiyo haziwezi kuchapishwa kabla ya wananchi kushauriwa, kisha lazima zifikishwe Bungeni. Wazazi hawa wanafaa kufika kwenye vikao hivyo kwa majina yao, wakiwa na mafaili yao, na wakae meza moja na walimu, na maafisa wa watoto, na machifu wanaobisha hodi.